Uti Unapobanwa: Barabara, Kifua na Maji ya Lanet

Daktari anayeshuku kwamba ugwe wa mgongo wa mgonjwa wake umebanwa haanzi na mashine. Huchukua kitu butu, hata ufunguo wa mlango, akaukwaruza unyayo polepole kutoka kisiginoni, akipitia ukingo wa nje, mpaka chini ya vidole. Mtu mzima asiye na tatizo hukunja kidole gumba kwenda chini. Kidole hicho kikiinuka, na vingine vikatanuka, daktari hujua kwamba njia inayoshusha amri kutoka ubongoni imeingiliwa mahali fulani. Joseph Babinski, daktari wa Paris, aliieleza alama hiyo mwaka 1896, na hadi leo kipimo hicho hakigharimu hata senti moja.

Kinachogharimu ni kuchelewa kukifanya. Katika maduka ya dawa ya Nakuru, kuanzia Free Area hadi Pipeline, mgonjwa wa mgongo ni mteja wa kila siku. Anapewa vidonge vya kutuliza maumivu, anachomwa sindano ya diklofenaki, anauziwa mkanda wa kufunga kiunoni, kisha anarudi kazini. Wengi wao hupona, maana maumivu mengi ya mgongo hutokana na misuli na hujiondokea yenyewe. Lakini miongoni mwao wamo wachache ambao mgongo wao unatoa onyo. Wiki chache baadaye wanaanza kujikwaa, mkojo unakataa kutoka, na siku moja wanaletwa hospitalini wamebebwa mabegani.

Lanet, upande wa mashariki wa jiji la Nakuru, ni mahali panapofaa kulielewa tatizo hili. Wakenya wengi wanapajua kwa kambi ya jeshi na kwa barabara kuu inayoelekea Nairobi. Kwa mtazamo wa uti wa mgongo, hapa zinakutana hatari tatu zinazotofautiana kwa kila hali: ajali za barabarani, kifua kikuu, na maji ya kisima yaliyopita katika miamba ya volkano. Moja huumiza kwa nukta moja ya saa, nyingine kwa miezi, ya tatu kwa miongo. Zote huishia mahali pamoja, katika mfereji wa mfupa ambao nafasi ya ziada ndani yake haizidi milimita chache.

Nafasi ya milimita chache

Tuanze na umbo lenyewe. Uti wa mgongo ni nguzo ya pingili 33. Saba ziko shingoni, 12 kifuani, tano kiunoni, na zilizobaki zimeungana kuanzia juu ya makalio hadi kwenye kifandugu. Kila pingili ya juu ina tundu upande wa nyuma, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji. Ndani yake ndimo unamoshuka ugwe wa mgongo, yaani tita la neva zinazounganisha ubongo na mwili. Ugwe ni laini, una unene wa kidole kidogo cha mkono, urefu wa sentimita 45 hivi kwa mwanamume na pungufu kidogo kwa mwanamke. Uzito wake ni takriban gramu 35. Kutoka kwake huchomoza jozi 31 za neva zinazosambaa mikononi, kifuani, tumboni, miguuni na katika kibofu.

Ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hushuka shada la neva tupu. Ndiyo sababu mbano wa shingoni unaweza kudhoofisha mikono na miguu kwa pamoja, wa kifuani huigusa miguu na kuiacha mikono salama, na ule wa chini kabisa ya kiuno hulegeza miguu, hutia ganzi sehemu za siri na makalio, na kukizuia kibofu kufanya kazi.

Shingoni, mfereji wa mtu mzima una takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma. Ugwe huchukua nane hadi kumi. Nafasi inayobaki ni ya tando, mafuta, mishipa ya damu na maji yanayouogesha ugwe. Mfereji ukipungua chini ya milimita 13, madaktari huuhesabu kuwa umesonga. Kifuani hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mfereji ni mwembamba na damu inayofika ni haba. Ugwe uko humo kama kamba iliyopitishwa ndani ya bomba la chuma: chochote kitakachoingia bombani, kamba ndiyo itakayofinywa, kwa sababu chuma hakitanuki.

Kinachoingia kinaweza kuwa kipande cha mfupa uliovunjika, diski iliyochomoka, usaha, damu iliyoganda, uvimbe wa saratani, au mfupa uliokua pasipotakiwa. Lakini namna ugwe unavyoumia hufuata mpangilio unaofanana. Mishipa inayorudisha damu ina kuta nyembamba na shinikizo dogo, kwa hiyo hiyo ndiyo hufinywa kwanza. Damu inaingia, kutoka inashindwa. Majimaji yanavuja na kujaa katika nyama ya ugwe, nao unavimba, na uvimbe huo unazidisha mbano ule ule uliouleta. Hali ikiendelea, mishipa inayoleta damu nayo inafinywa. Theluthi mbili za mbele za ugwe, zinakopita amri nyingi za kutembea, hutegemea mshipa mmoja mrefu unaoshuka kwa mbele. Mshipa huo ukisongwa, seli hukosa oksijeni na kufa.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Uvimbe unaweza kurudi nyuma; kifo cha seli hakirudi. Seli za neva za ugwe zikishakufa hazioti tena. Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho kuna muda, na muda huo ndio tiba yenyewe. Mbano unaokuja polepole huupa ugwe nafasi ya kuzoea, hata ukabonyea sana kabla mgonjwa hajajua lolote. Mbano wa ghafla, hata ukiwa mdogo, humwangusha mtu papo hapo.

Barabara

Barabara kuu kutoka Nairobi hupita Kikopey na Mbaruk, ikafika Lanet kabla ya kuingia Nakuru mjini, kisha hupanda kuelekea Salgaa na Sachangwan. Ni njia ya malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo, na ni njia ya bodaboda wanaowavusha watoto wa shule. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, ng'ambo ya Salgaa, na watu 36 wakafariki. Habari za ajali huishia kwenye hesabu ya waliokufa. Manusura aliyevunjika uti hahesabiwi katika kichwa cha habari, ingawa safari yake ndiyo kwanza inaanza.

Uti huvunjika kwenye maungio ya sehemu ngumu na sehemu inayopinda. Pingili za kifua zimeshikwa na mbavu na hazinyumbuki sana, lakini za kiuno zinanyumbuka. Mwili unaporushwa mbele kwa kishindo, nguvu hukusanyika pale zinapopakana, kwenye pingili ya mwisho ya kifua na ya kwanza ya kiuno. Pingili hupondeka, na kipande chake cha nyuma husukumwa ndani ya mfereji. Shingoni, panapoumia sana ni kwenye pingili ya tano na ya sita. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano, na dereva wa bodaboda anayerushwa na kuangukia utosi huibebesha shingo yake uzito wa mwili wote.

Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa katika matatu. Mkanda unaofungwa ni kinga ya ugwe. Mkanda uliokatika, uliofungwa fundo chini ya kiti au uliojaa uchafu hadi abiria anaona haya kuugusa, haumkingi mtu.

Kisha kuna jambo linalotokea baada ya ajali, na hili limo mikononi mwetu kabisa. Wananchi hukimbia kusaidia kwa moyo safi. Mmoja anashika mikono, mwingine miguu, majeruhi anakunjwa katikati na kupakiwa nyuma ya pikapu. Pingili iliyovunjika lakini ambayo haijauumiza ugwe inaweza kuukata wakati huo huo. Kama gari haliwaki moto na hakuna hatari nyingine ya haraka, majeruhi anayelalamika shingo, mgongo au ganzi aachwe alivyo mpaka gari la wagonjwa lifike. Ikibidi asogezwe, mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili na kukiweka sawa na kifua, wengine watatu washike mabega, kiuno na miguu, na wote wamgeuze kwa pamoja kwa hesabu moja, mwili ukiwa umenyooka, kisha wamlaze juu ya ubao au mlango. Kwa mafunzo haya, asubuhi moja katika steji ya bodaboda inatosha. Sioni sababu ya steji yoyote kati ya Mbaruk na mjini kukosa watu wanne wanaoyajua.

Kikohozi kinachoshuka mgongoni

Mwaka 1779, daktari wa upasuaji wa London aitwaye Percivall Pott aliandika kuhusu wagonjwa wenye kibyongo ambao miguu yao ilikuwa imepooza. Leo tunajua kwamba wengi wa watu wa namna hiyo wana kifua kikuu, yaani TB. Bakteria hutoka mapafuni, husafiri kwa damu, na kutua kwenye sehemu ya mbele ya pingili, mara nyingi chini ya kifua au juu ya kiuno. Karibu nusu ya TB yote ya mifupa na maungio hukaa kwenye uti.

Ugonjwa hula mfupa kutoka mbele. Pingili mbili zinazopakana huliwa kingo, diski iliyo kati yake hulegea, na nguzo huinama mbele kwa pembe kali. Hicho ndicho kibyongo. Usaha hukusanyika taratibu, bila joto kali la jipu la kawaida, ukatafuta njia: wakati mwingine hushuka hadi kwenye kinena, wakati mwingine hurudi nyuma na kuusukuma ugwe. Mtu huumwa mgongo kwa miezi, hutoka jasho usiku, hupungua mwili, na huenda asikohoe hata mara moja. Hapo ndipo wengi hupotea njia. Familia inatafuta aliyeroga, au inamlaumu mgonjwa kwa uvivu, au inamnunulia godoro gumu.

Afrika Mashariki ina sifa yake katika vita hivi. Katika utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na kuchapishwa kuanzia 1972, ilithibitishwa kwamba miezi sita ya dawa sahihi inaweza kuponya TB ya mapafu iliyokuwa ikitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu. Kuhusu uti, majaribio mengine yaliyofanyika Korea, Bulawayo, Hong Kong na Madras yalionyesha kwamba mgonjwa ambaye bado anaweza kutembea hahitaji kufungwa plasta wala kulazwa kitandani kwa miezi. Dawa anazomeza akiwa nyumbani ndizo zinazomponya. Upasuaji hubaki kwa wale ambao ugwe wao umebanwa sana, au uti wao unaendelea kupinda.

Nchini Kenya dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kwa TB ya uti mwongozo wa kitaifa hutaka zimezwe kwa miezi 12. TB pia ina tabia inayoitofautisha na sababu nyingine za mbano: hata mtu aliyepooza anaweza kusimama tena, maana mara nyingi kilichoubana ugwe ni usaha na uvimbe, vitu ambavyo dawa huvikausha. Mgonjwa wa namna hiyo hastahili kukatiwa tamaa.

Maji yaliyopita kwenye volkano

Hatari ya tatu haina king'ora wala kikohozi. Menengai, volkano inayoitazama Nakuru kutoka kaskazini, na ndugu zake wa Bonde la Ufa wamelaza chini ya ardhi majivu na miamba yenye floraidi. Maji ya ardhini ya bonde hili kwa kawaida yana kalisi kidogo na magadi mengi, na maji ya aina hiyo huiyeyusha floraidi kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mwaka 1984, watafiti waliopima sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya ardhini kutoka sehemu mbalimbali za Kenya walikuta asilimia 61 zinazidi miligramu moja kwa lita, karibu asilimia 20 zinazidi tano, na asilimia 12 zinazidi nane. Bonde la Ufa lilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi. Maziwa yenyewe ni ya kutisha: Elementaita miligramu 1,640 kwa lita, Nakuru 2,800.

Hakuna anayekunywa maji ya ziwa. Lakini Lanet imejaa nyumba haraka kuliko mabomba, na panapokosekana bomba, watu huchimba kisima au hununua maji ya mkokoteni. Mtungi wa lita 20 unaonunuliwa kwa jirani hauna karatasi inayosema una nini ndani. Maji ni meupe, hayanuki, ladha yake ni nzuri.

Meno ndiyo hushuhudia kwanza. Mtoto anayekunywa floraidi nyingi katika miaka minane ya mwanzo, wakati ngao ya meno yake ya ukubwani inajengwa, huota meno yenye mabaka meupe, kisha ya kahawia. Watu wa Nakuru wanalijua jambo hili tangu zamani, na vijana wengi wamejifunza kucheka wakiwa wamefunika mdomo. Wengi huliona kama suala la sura. Ni zaidi ya hapo, kwa kuwa jino la kahawia ni risiti ya maji yaliyonywewa utotoni, na aliyeendelea kuyanywa anaendelea kuiweka floraidi hiyo katika mifupa yake.

Ndani ya mfupa, floraidi huingia katika fuwele za madini na kuzibadilisha, na pia huchochea seli zinazojenga mfupa. Mfupa unakuwa mzito na mnene kwa kuutazama, ilhali ni rahisi kuvunjika. Kano zinazoshikanisha pingili hugeuka mfupa. Mgongo hukakamaa, shingo hukataa kugeuka. Mfereji unaopakana na kano hizo hupungua kutoka pande zote, na ugwe hubanwa, hasa shingoni na kifuani. Hatua hiyo kwa kawaida huja baada ya miaka mingi ya kunywa maji yenye floraidi nyingi sana, na ni wachache wanaoifikia kati ya wengi wenye meno ya kahawia. Lakini inatokea. Denmark ilieleza madhara haya katika mifupa ya wafanyakazi wa viwanda vya madini ya floraidi mwaka 1932, na India ikafuata mwaka 1937 kwa wanavijiji waliokunywa maji ya visima. Mwaka 1964, madaktari Grech na Latham waliandika kuhusu watu wa kaskazini mwa Tanganyika walioathirika mifupa.

Ushahidi mzito zaidi kwetu unatoka Ethiopia, katika Bonde la Ufa hili hili. Katika mashamba ya miwa ya Wonji-Shoa, wafanyakazi waliokunywa maji ya visima kwa miaka mingi walipata ulemavu wa mifupa. Daktari Redda Tekle-Haimanot alieleza mwaka 1990 jinsi baadhi yao walivyobanwa ugwe na neva zake mpaka wakapooza. Walikuwa watu wa kazi ngumu, waliofika shambani wakiwa na nguvu. Waliugua baadaye, wakati floraidi ya miaka yote ilipokwisha kujaa.

Dawa ya kuiondoa floraidi mifupani kwa haraka haipo. Upasuaji wa kuupanua mfereji hufanyika, lakini ni mgumu, kwa sababu mfupa wenyewe umekuwa mgumu kupita kiasi. Kinga ndiyo tegemeo, na katika hili Nakuru ina jambo la kujivunia. Dayosisi Katoliki ya Nakuru, kupitia kitengo chake cha ubora wa maji, imekuwa ikitengeneza tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 vichujio vya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri yenye hewa kidogo, husagwa chembechembe, na kujazwa kwenye ndoo au tangi. Maji yakipita humo, madini ya mfupa huikamata floraidi. Chembe hizo hujaa baada ya muda na ni lazima zibadilishwe, la sivyo kichujio hubaki pambo jikoni.

Na hapa pana kosa moja ambalo kila mama wa nyumba anafaa kulijua: kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huzidi kukolea. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ndiyo yenye floraidi kidogo kabisa, na watoto wadogo ndio wapewe kwanza. Magadi ya kulainishia maharagwe nayo yaangaliwe, maana yale yanayookotwa kandokando ya maziwa ya bonde yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Umri na saratani

Sababu nyingine mbili zipo kila mahali duniani. Ya kwanza ni kuchakaa. Kwa watu waliopita miaka 55, diski zilizokauka na vinundu vya mfupa vinavyoota kando ya pingili za shingo ndivyo vinavyoongoza kwa kuubana ugwe. Kuinua uso juu kwa muda mrefu, kama afanyavyo fundi anayepaka dari rangi, hukunja kano za nyuma na kupunguza nafasi zaidi. Kuinamisha kichwa huuvuta ugwe juu ya vinundu hivyo.

Ya pili ni saratani iliyosambaa, hasa ya tezi dume, ya matiti na ya mapafu. Zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi huanza na maumivu ya mgongo, wiki au hata miezi kabla ya miguu kulegea. Maumivu hayo yana tabia yake: huzidi mtu akilala chali, humwamsha usiku, na mara nyingine huzunguka kifua au tumbo kama mkanda uliokazwa. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005, ukiongozwa na Roy Patchell, ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kuufungua ugwe kisha wakapewa mionzi, asilimia 84 waliweza kutembea, dhidi ya asilimia 57 waliopewa mionzi peke yake. Mwanamume aliyewahi kutibiwa tezi dume, au mwanamke aliyewahi kutibiwa titi, akianza kuumwa mgongo kwa namna hiyo, asitibiwe dukani.

Jipime nyumbani

Ugwe uliobanwa huzungumza kabla ya kunyamaza. Mtu hushindwa kufunga vifungo vya shati, ufunguo humponyoka, mwandiko hubadilika. Kuna jaribio rahisi: nyoosha mkono, fumba ngumi na kuifumbua haraka iwezekanavyo kwa sekunde kumi. Mtu mzima mwenye afya hufikia mara 20 au zaidi. Anayefika 12 huku vidole vikisita anafaa kumwona daktari. Miguu nayo hukakamaa, mtu hutembea kama anayepita kwenye tope, hujikwaa kwenye kizingiti alichokivuka miaka yote, na gizani huyumba. Shingo ikiinamishwa, mshtuko kama wa umeme unaweza kushuka mgongoni.

Dalili za mwisho ndizo watu wanazozificha zaidi: mkojo unaokataa kutoka au unaotoka bila ruhusa, choo kisichozuilika, ganzi ya sehemu anazokalia mtu, nguvu za kiume zinazotoweka ghafla. Mzee anaona haya kumwambia bintiye, naye binti anaona haya kuuliza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mtu mwenye maumivu ya mgongo pamoja na mojawapo ya dalili hizi apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni Jumapili. Kwa watu wa Lanet, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, ile ambayo wenyeji bado wanaiita PGH, iko umbali wa safari moja ya matatu. Picha ya MRI ndiyo inayouonyesha ugwe vizuri, na bei yake inaziumiza familia nyingi. Lakini ufunguo wa unyayoni hauhitaji pesa, wala eksirei ya kuonyesha pingili iliyoliwa na TB haina gharama ya MRI. Mhudumu wa zahanati anayempima mgonjwa miguu kabla ya kumwandikia vidonge tayari ameanza kumwokoa.

Wale waliokwisha kuumia

Zamani aliyevunjika ugwe alihesabiwa maiti. Mafunjo ya Misri ya kale, yanayojulikana kwa jina la Edwin Smith, yaliandika kuhusu jeraha la namna hiyo kwamba ni ugonjwa usiotibika. Hali ilibadilika mwaka 1944, wakati daktari Ludwig Guttmann alipofungua kitengo cha askari waliopooza huko Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa ya kuufufua ugwe. Alisisitiza mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala, kibofu kitunzwe kwa usafi, na misuli ifanyishwe kazi. Watu waliotarajiwa kufa wakaishi, wakafanya kazi, wakacheza. Michezo ya Paralimpiki ilizaliwa katika uwanja wa hospitali hiyo.

Kenya ina Hospitali ya Kitaifa ya Rufaa ya Majeraha ya Uti jijini Nairobi, yenye vitanda makumi machache tu vya kuhudumia nchi nzima. Mwaka 2012, Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na wezi wa magari, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, ili kuchangisha shilingi milioni 250 za kujenga hospitali ya urekebishaji hapa nchini. Wakenya walimchangia kwa simu wakimsihi arudi nyumbani. Safari ile ilionyesha kwamba huruma ipo kwa wingi. Kinachotakiwa sasa ni kuifanya huruma hiyo kuwa mpango: wataalamu wa mazoezi ya viungo katika kila hospitali ya kaunti ndogo, mipira ya mkojo isiyokosekana, na familia zinazofundishwa kumgeuza mgonjwa kabla hazijaruhusiwa kwenda naye nyumbani.

Mengi ya haya hayahitaji bilioni. Kaunti ya Nakuru iagize kila kisima kinachouza maji kibandike kipimo chake cha floraidi pale mtungi unapojazwa, mnunuzi akisome. Chama cha bodaboda kiwafundishe vijana wake kumbeba majeruhi. Maduka ya dawa yaambiwe kwamba mteja anayerudi mara ya tatu kwa maumivu yale yale ya mgongo anahitaji rufaa badala ya sindano. Viongozi wa dini wawaambie waumini kwamba kulegea miguu ni ugonjwa wa mwili na hospitali ndiyo mahali pake.

Katika mbano wa ugwe, kitu kimoja hutabiri mwisho wa mgonjwa kuliko mashine zote: hali aliyokuwa nayo alipofika. Anayeingia hospitalini akitembea kwa miguu yake, kwa kawaida hutoka akitembea. Anayeletwa amebebwa, akiwa amepooza kwa siku kadhaa, ni nadra kutembea tena, isipokuwa sababu iwe TB. Tofauti kati ya watu hawa wawili mara nyingi ni siku chache tu, na siku hizo hupotea nyumbani, njiani na dukani, mbele ya macho yetu sote. Jirani yako akianza kujikwaa huku akishika mgongo, usimpe pole ukaendelea na safari. Mpeleke hospitalini.